Orodha Moja ya Majina: Kisa cha Fundi, Stetasi na Sofa Lenye Nailoni

Jumamosi moja ya Oktoba 2024 tulikuwa tunakaribia kufunga sanduku la kikoba chetu hapa Tabata, Dar es Salaam, simu ya mwenyekiti ikalia mlio wa ujumbe. Akausoma, akanyamaza, akanipitishia simu. Kabla sijamaliza, simu ya katibu nayo ikalia, ikafuata ya mama aliyekaa pembeni yake, mwisho yangu. Ujumbe ulikuwa uleule. Ulikuwa na jina kamili la mwenzetu mmoja, namba yake, kiasi anachodaiwa, na maneno kwamba huyu ni tapeli aliyekimbia deni, sisi kama ndugu zake tumwambie alipe kabla ya saa 12 jioni, la sivyo picha yake itasambazwa.

Mwenzetu mwenyewe hakuwapo. Ilikuwa Jumamosi ya tatu anakosa kikao, na marejesho ya mkopo wake wa kikoba yalikuwa yamelala tangu Agosti.

Mimi ni mweka hazina wa kikundi hiki cha wanawake 25, na ndiye niliyetumwa kwenda kumwona. Kazi yangu ya mchana ni ualimu wa sekondari, na shuleni nashughulikia unasihi, kwa hiyo kukaa na mtu mwenye jambo zito si kitu kigeni kwangu. Ninayoyaandika nimeyapata kwake, jioni kadhaa, simu yake ikiwa mezani kati yetu. Ameniruhusu niyaandike kwa sharti nisitaje jina lake wala mtaa ilipo fremu yake. Nayaandika kwa sababu pale kikaoni, dakika tano tu baada ya ule ujumbe, kisa chake kilikuwa kimeshapewa jina: tamaa. Sikukubali siku ile na sikubali leo.

Fundi anayeishi kwa kuonwa

Mwenzetu ni fundi cherehani. Ana miaka 38, watoto wawili, na mume dereva wa malori ya kwenda Tunduma ambaye huwa nyumbani siku sita au saba kwa mwezi. Fremu yake ina vyerehani viwili na binti mmoja anayemsaidia. Kipato chake kikubwa ni sare. Kukiwa na kicheni pati au sendofu, kamati inachagua kitenge, wanawake 30 au 40 wanaleta vitambaa, na yeye anakesha wiki mbili akikata na kushona. Si maskini. Kodi ya fremu ilikuwa hailali, ada za watoto zilikuwa zinalipwa, na kwenye kikoba alikuwa ananunua hisa tano kila wiki, kiwango cha juu kabisa tunachoruhusu.

Wateja wake wote anawapata kwa stetasi za WhatsApp. Anampiga picha mteja aliyevaa gauni jipya, anaiweka, na kabla jioni haijafika kuna mtu ameandika: “Dada, hiyo ya mikono ya puto shilingi ngapi?” Hana ukurasa mwingine wala tangazo ukutani. Ndiyo maana ushauri wa kwanza aliopewa na karibu kila mtu, kwamba afute WhatsApp apumzike, ulikuwa sawa na kumwambia afunge fremu.

Sasa, Machi 2024 alikwenda kwenye sendofu ya upande wa mumewe, Kimara. Yeye ndiye aliyeshona sare zote. Wakati wa chakula wifi yake, mdogo wa mumewe aliyejenga Goba na kuhamia mwaka uliotangulia, alimuuliza mbele ya meza nzima, “Kumbe bado mpo kwenye ile nyumba ya kupanga?” Hakuuliza kwa ubaya, mwenzetu mwenyewe anasema hivyo. Aliuliza kama mtu anavyouliza habari za watoto. Lakini mwenzetu alirudi nyumbani na lile swali. Usiku ule alifungua stetasi ya wifi yake, akaona picha za sebule mpya, akazitazama zote 14, akarudia, kisha akapiga skrinishoti.

Ile ya sebule ndiyo skrinishoti ya kwanza kwenye simu yake.

Daftari lenye mstari katikati

Nilipofika kwake siku ya kwanza hakutaka kuzungumza. Alinikaribisha, nikataka kukaa kwenye sofa, akaniambia kwa haraka, “Dada, hebu tukae hapa chini, pana upepo.” Tukakaa kwenye mkeka. Sofa lilikuwa kubwa, la kona, rangi ya maziwa, na lilikuwa bado limefunikwa nailoni ya dukani. Mtoto mdogo alipita akaliegemea kidogo, mama yake akamtazama, mtoto akatoka. Sikulielewa jambo hilo siku ile.

Jioni ya pili nilikwenda na daftari. Nikachora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto tukawa tunaandika malipo yake makubwa kwa kufuata ujumbe wa M-Pesa, kuanzia Machi hadi Septemba. Kulia tukaandika tarehe za skrinishoti zilizomo kwenye simu. Alikuwa anadhani tunatafuta pesa zilipopotelea. Mimi nilikuwa natafuta kitu kingine: nini kilitangulia nini.

Tuliacha nje vitambaa, kodi, ada na chakula. Tukabakiwa na malipo 19 ya zaidi ya shilingi 50,000 kila moja. Televisheni ya inchi 55. Wigi mbili. Keki ya ghorofa tatu ya siku ya kuzaliwa ya mtoto, na puto zake, na mpiga picha. Mapazia. Seti ya sahani ambayo hadi leo iko kwenye boksi. Na sofa, shilingi 1,450,000, kubwa kuliko yote. Kati ya malipo hayo 19, pembeni ya 14 palikuwa na skrinishoti ya stetasi ya mtu iliyopigwa ndani ya wiki moja kabla ya pesa kutoka.

Nilitegemea kukuta wasanii humo, au wale wadada wa Instagram wenye magari na safari za Dubai. Hakukuwa na hata mmoja. Nilipomuuliza alishangaa. “Wale wana maisha yao. Mimi na wao tunakutana wapi?” Skrinishoti zilikuwa za watu wanaomjua kwa jina. Saba za wifi yake. Nyingine za wanawake wawili aliosoma nao, na moja ya mteja.

Na moja ilikuwa yangu. Ilikuwa picha ya makabati yangu ya jikoni, niliyoiweka Julai nikiwa na furaha sana siku hiyo. Wiki iliyofuata alilipia sahani. Nililitazama jikoni langu mwenyewe kwenye simu ya mwenzangu, likiwa safi na linang’aa, na nikakumbuka kitu ambacho picha ile haikuonyesha: nilikuwa nimekopa Saccos ya walimu kuyajenga, na makato yangu yataendelea miezi 14. Sikumdanganya mtu. Lakini makato hayapigwi picha, na yeye aliyetazama alijilinganisha na nusu ya habari.

Pesa ilivyopatikana sitaieleza kwa kirefu, kila msomaji wa Dar anaijua njia hii. Alichukua 900,000 kwetu kikoba akisema ni za kununulia overloki, na hapo alitudanganya, sitalificha hilo. Zikaenda kwenye sofa. Iliyobaki akaipata kwenye programu za mikopo za simuni. Ya kwanza aliomba 150,000, zikaingia 105,000, na baada ya siku 14 alitakiwa kurudisha 165,000. Akachukua ya pili kulipa ya kwanza. Kufika Oktoba zilikuwa nne. Watu wanaiita kausha damu, na anayeijua hahitaji kuelezwa jina limetoka wapi.

Kilichokuwa kinanunuliwa

Mwaka 1992 watafiti wawili wa Marekani, Marsha Richins na Scott Dawson, walitengeneza kipimo cha kupenda mali ambacho bado kinatumika. Waliona kwamba tunachokiita kupenda mali kina miguu mitatu. Wa kwanza, vitu kuwa kitovu cha maisha ya mtu. Wa pili, kuamini kwamba vitu ndivyo vinavyoleta furaha. Wa tatu, kupima mafanikio kwa vitu, ya mtu mwenyewe na ya wengine. Nilipokisoma kipimo hicho chuoni nilikiona kama maneno ya darasani. Nilipokaa na mwenzetu kikanisaidia kweli.

Mguu wa kwanza haupo kwake. Anaishi kwa kazi na watoto, na nguo zake za siku zote ni madera mawili anayobadilisha. Wa pili haupo pia. Nilimuuliza sofa lilimpa raha gani, akafikiri kwa muda mrefu, akasema, “Siku nililoliweka nililala vizuri.” Siku moja. Hajawahi kulikalia! Watoto walikatazwa, nailoni haikutolewa ili lisichafuke kabla wageni hawajaja, na wageni wenyewe hawakuja kwa sababu ilipofika Agosti alikuwa anamkwepa kila mtu. Wigi ya pili imevaliwa mara moja, mbele ya kamera. Televisheni ilikuwa inawashwa mume akirudi.

Mguu wake ni wa tatu peke yake. Kitu kilikuwa jibu la swali la Kimara. Na jibu halina maana lisipomfikia aliyeuliza, kwa hiyo kazi ya kitu iliisha pale kilipopigwa picha na kuwekwa. Kwa hiyo kumwita mtu huyu mwenye tamaa ni kukosea ugonjwa. Mwenye tamaa anakitaka kitu, anakifaidi, anakificha asinyang’anywe. Mwenzetu alikuwa ananunua macho, na sofa lilikuwa risiti tu.

Kuna habari hapa ambayo haijulikani sana kwa watu wazima wanaosema tatizo ni “kukaa sana mtandaoni”. Mwaka 2019 Amy Orben na Andrew Przybylski wa Chuo Kikuu cha Oxford walichambua takwimu za vijana zaidi ya 350,000 na kukuta kwamba matumizi ya teknolojia za kidijitali yanaeleza asilimia 0.4 tu ya tofauti za hali njema kati yao. Ni kidogo mno. Upande mwingine, mwaka 2014 Helga Dittmar na wenzake walikusanya matokeo ya sampuli 259 kuhusu kupenda mali, na picha iliyotoka ilikuwa moja: wanaotanguliza mali na pesa huwa na hali duni ya maisha ya ndani, furaha kidogo, wasiwasi mwingi. Ukiyaweka mawili haya pamoja unaona kwa nini saa za mwenzetu hazikutuambia chochote. Alikuwa mtandaoni saa nyingi Februari, akiuza magauni, na alikuwa mzima. Juni alikuwa mtandaoni saa zilezile, na presha yake ilipopimwa zahanati ilikuwa 150 kwa 95. Saa hazikubadilika. Kilichobadilika ni kile alichokuwa anakitafuta kwenye simu.

Na alikuwa anakitafuta wapi hasa? Si kwenye picha za wengine peke yake. Alinionyesha jambo ambalo sikuwahi kulifikiria kwa uzito. Ukiweka stetasi, WhatsApp inakuonyesha orodha ya majina ya waliotazama. Yeye alikuwa ameikariri. Alijua nani hutazama asubuhi, nani hutazama zote kwa mkupuo, na kwamba wifi yake hutazama baada ya saa 4 usiku akishalaza watoto. Kwa hiyo saa 4 alikuwa macho. Akiliona jina, anasubiri neno. Neno haliji. Anaamka saa 8 usiku kuangalia kama wifi ameandika kitu.

“Angenitukana ningelala,” aliniambia. “Ametazama, amepita. Sijui kaona nini.”

Hapo ndipo nilipoona kwa nini hakuishia kwenye mapazia. Angekuwa anapongezwa, huenda kimoja au viwili vingemtosha. Angekuwa anabezwa, angekasirika akaacha. Jina kwenye orodha si pongezi wala kubezwa. Ni jicho lisilosema, na mtu mwenye kidonda hulijazia maneno mwenyewe, na siku zote huyajaza mabaya. Basi ananunua kitu kingine, pengine safari hii atasema.

Aliposema vile kuhusu wasanii, kwamba hawakutani popote, alikuwa anarudia bila kujua kitu alichoandika mwanasaikolojia Leon Festinger mwaka 1954: mtu anapotaka kujipima humtafuta anayefanana naye. Aliye mbali mno hapimiki. Ndiyo maana naihofia stetasi kuliko Instagram, ingawa lawama zote huenda Instagram. Kwa kawaida stetasi huonwa na watu ambao wewe unayo namba yao na wao wanayo yako. Shangazi, jirani, mliosoma nao, mke wa kaka. Tangu ije kwa sura hii Februari 2017, imekusanya kwenye skrini moja wale watu hasa ambao kauli yao inamuumiza mtu.

Wapo watakaosema kushindana kwa vitu hakukuanza leo, ni tangu enzi. Ni kweli. Huko Lamu na Mombasa watu walishindana kwa ngoma ya beni tangu mwishoni mwa karne ya 19, na Marini na Arinoti, vyama viwili vya ngoma hiyo, walipoingia Tanganyika walishindana kwa sare, vyeo na karamu, na watu walitumia walichokuwa hawana. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na kanga ambazo hazikuvaliwa isipokuwa mbele ya mke mwenzake. Lakini ngoma ilikuwa na siku yake. Ikiisha watu wanakunja sare, wanarudi shamba, na hadi ngoma nyingine unapata nafasi ya kuwa mtu wa kawaida. Na pia ulishindana ukiwa kundi, ukishindwa mnashindwa wote. Mwenzetu alishindana peke yake, chumbani, saa 8 usiku, na stetasi inafutika baada ya saa 24 kwa hiyo kesho lazima iwepo nyingine.

Orodha ileile

Nirudi kwenye ule ujumbe wa Oktoba, kwa maana hapa ndipo pa kunikereketa.

Alipopakua zile programu za mikopo, kila moja ilimwomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyomo kwenye simu. Alibonyeza kubali. Nani hasomi haraka akiwa na shida? Alipochelewa kulipa, wakusanyaji madeni walilichukua lile daftari la majina wakaanza kutuma. Walimtumia mwenyekiti, walimtumia mwalimu wa mtoto, walimtumia muuza vitambaa wa Kariakoo anayemkopesha mali. Walimtumia wifi.

Tazameni mzunguko wake. Watu aliokuwa anakopa ili wamwone ameendelea ndio haohao walioambiwa kwamba ni tapeli, kwa orodha ileile ya majina, kwenye simu ileile. Programu haikuhitaji kutafuta watu ambao aibu yao ingemuumiza. Yeye mwenyewe alikuwa ameshawachagua. Mkopeshaji wa aina hii hana dhamana ya nyumba wala ya gari. Dhamana yake ni hofu ya mtu kushuka machoni pa watu wake, na kadiri mtu anavyoishi kwa macho hayo ndivyo dhamana inavyonona. Nikiyaangalia hivi, stetasi na mkopo ule naona ni pande mbili za duka moja, hata kama wenyewe hawajuani.

Hili si jambo halali. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Mwezi mmoja baada ya kikao kile, Novemba 2024, Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zinazokopesha mtandaoni bila leseni, ikautahadharisha umma usijihusishe nazo. Mbili kati ya zile nne nilizikuta humo. Kwa mwenzetu tangazo lilichelewa, ila lilimfaa kwa namna moja: alilionyesha kwa mwalimu wa mtoto na kwa muuza vitambaa, wakaelewa kwamba wale waliowatumia ujumbe ndio waliokuwa nje ya sheria.

Kikao cha pili

Kikao kilichofuata kilikuwa kirefu. Mwenyekiti wetu ni mama mwenye miaka 61, mcha Mungu, mkali, na ninamheshimu. Alisimama kwenye katiba. Mtu kachukua mkopo kwa sababu ya uongo, faini ipo, na hisa zake zikatwe. “Mwalimu,” akaniambia, “hapa hatulei tamaa.” Wengi walitikisa vichwa kukubali.

Nilileta daftari langu, kwa ruhusa ya mwenyewe, ambaye safari hii alikuja na kukaa nyuma karibu na mlango. Sikusoma deni. Nilisoma upande wa kulia tu, tarehe na ni picha ya nani, bila kutaja majina isipokuwa la kwangu. Nilipofika kwenye makabati yangu ya jikoni nikaeleza na makato ya Saccos. Kukawa kimya. Halafu mama mmoja, muuza mkaa, ambaye kwa miaka sita sijamsikia akichangia hoja isiyo ya pesa, akasema kwamba yale mabati mapya aliyoyaweka Mei ni ya mkopo pia, na fundi hajamaliza kulipwa. Akafuata mwingine. Sikupanga hayo, na nisingeweza kuyapanga.

Uamuzi uliopita haukuwa mlaini. Faini ya uongo alilipa. Kikundi hakikulipa deni la programu hata senti, na naona ilikuwa sawa, mfuko wa jamii ni wa misiba na magonjwa. Ila marejesho yake yaligawanywa upya kwa miezi sita, hisa hazikukatwa, na tuliandika kwenye muhtasari kwamba anayepokea ujumbe wa kumchafua mwenzake asiusambaze wala kuujadili nje. Mwenyekiti aliutia saini. Hadi leo anaamini ilikuwa tamaa. Tumebaki hivyo.

Kuhusu simu, aliyetatua ni yule binti wa fremuni, mwenye miaka 20. Mimi nilikuwa na jaribio moja kichwani: mwaka 2018, Chuo Kikuu cha Pennsylvania, wanafunzi 143, baadhi yao wakapunguziwa Facebook, Instagram na Snapchat hadi dakika 10 kwa siku kwa kila mtandao, na baada ya wiki tatu upweke na sononeko vikashuka. Nikapendekeza kitu kama hicho. Binti akaniuliza kwa adabu wateja watajibiwa na nani. Kisha akachukua simu ya bosi wake, akaingia kwenye mipangilio, akazima zile tiki za bluu. Ukizizima, huoni tena nani katazama stetasi yako. Picha za magauni zinaendelea kuonwa na wateja wanaandika kama kawaida, lakini ile orodha haipo. Halafu akazinyamazisha stetasi za watu sita. Ya wifi, ya wale wawili, nyingine mbili, na yangu.

Gharama yake ipo: sasa hajui kama mteja amesoma ujumbe wa bei, inabidi apige simu. Wiki mbili za kwanza vidole vilikuwa vinaenda vyenyewe pale palipokuwa na orodha. Usingizi ulirudi polepole, na presha Januari ilikuwa 130 kwa 85, ingawa kufikia hapo alikuwa pia ameanza kutumia dawa, sitaki kuzipa tiki sifa isiyo yao. Siwezi kusema amepona. Desemba, siku ya kuvunja kikoba, aliniuliza wifi yake ameweka nini sikukuu hii. Nikamwambia sijui, na ni kweli nilikuwa sijui.

Sofa aliliuza mwisho wa Novemba ili amalizane na programu mbili zilizobaki. Alilipiga picha akaliweka kwenye stetasi yake mwenyewe, kwa watu walewale: “Sofa linauzwa, halijatumika, bado lina nailoni yake. 900,000, maelewano yapo.” Aliniambia ndiyo picha iliyomtetemesha mikono kuliko zote. Tangazo alilirudia siku tatu. Nani alilitazama hatujui, yeye wala mimi. Siku ya nne akaja mwanamke wa Segerea aliyeelekezwa na mteja, wakaelewana kwa 800,000, wakaita kirikuu. Wakati wanalitoa mlangoni lilikwama, wakaliinamisha, nailoni ikachanika upande mmoja. Mtoto wake mdogo akapitisha kiganja kwenye kile kitambaa, mara mbili, kabla hawajalipakia.